Si kila ugonjwa wa kompyuta ni virusi

UKIINGIA katika saiba yoyote mjini Bungoma au Kitale wakati wanafunzi wa vyuo wanapokaribia tarehe ya kuwasilisha kazi zao, hutakaa sana kabla ya kusikia kilio kile kile. Mwanafunzi anachomeka flashi yake, anaifungua, na badala ya kazi aliyoitaabikia muhula mzima anaona vijipicha vyenye mshale pembeni ambavyo havifunguki. Mhudumu anatazama mara moja tu na kutoa hukumu: "Hii iko na virusi. Tuifomati?" Mwanafunzi, kwa kuchanganyikiwa, anakubali. Kazi inafutika, na pengine karo ya muhula inakwenda nayo, kwa maana asiyewasilisha kazi hurudia somo.

Mzazi au mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usikubali flashi ifomatiwe kabla hujayasoma makala haya. Mara nyingi kazi yako bado imo ndani. Na kilichoingia huenda hata si virusi.

Neno virusi limekuwa kwetu kama neno malaria. Kila anayepata homa husema ana malaria, ananunua dawa dukani, na kama alikuwa na homa ya matumbo basi anazidi kuugua huku amekwisha kumeza vidonge. Kwa kompyuta (au tarakilishi, kama walimu wa Kiswahili wanavyopenda tuseme) mambo ni yayo hayo. Magonjwa yake ni ya aina mbalimbali, na dawa ya moja haifai kwa jingine.

Tuanzie shambani, kwa kuwa Bungoma na Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Mkulima wa Bungoma analijua gugu la striga, lile lenye maua ya zambarau yanayopendeza macho huku mahindi yakidumaa. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi na inaweza kulala udongoni kwa miaka mingi bila kuota. Huota pale tu inapohisi mzizi wa mmea inaoutaka, kama vile mahindi au mtama, ukiwa karibu. Hapo hujipachika katika mzizi huo na kuanza kunyonya. Pasipo mahindi au nafaka nyingine ya kunyonya, striga haina maisha. Lakini ikishapata pa kujishikiza, hutoa maelfu ya mbegu nyingine kabla ya kufa.

Hivyo ndivyo virusi vya kompyuta vilivyo. Virusi si programu kamili inayojitegemea. Ni kipande cha maagizo kinachojipachika ndani ya programu nyingine, na programu hiyo inapofunguliwa, kipande hicho hutafuta programu nyingine zilizo nzima na kujinakili humo pia. Mwaka wa 1983 mwanafunzi mmoja wa Marekani aitwaye Fred Cohen, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Southern California, aliandika programu ya aina hiyo kwa majaribio na kuionyesha darasani. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe virusi. Maelezo ya Cohen yangali ndiyo yanayotumika: ni programu inayoweza kuambukiza programu nyingine kwa kuzibadili ili ziwe na nakala yake. Ukiondoa hapo neno kuambukiza, huna virusi tena.

Je, programu huambukizwaje? Hapa ndipo wengi wanapodhani kuna uchawi, ilhali jambo lenyewe ni rahisi kulifuata.

Programu ni orodha ndefu ya maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza moja baada ya jingine. Mwanzoni mwa faili ya programu huwa kuna maelezo mafupi, na miongoni mwa maelezo hayo kuna nambari inayoiambia kompyuta, "Anza kutekeleza kutoka mahali fulani." Virusi vinapoivamia faili hiyo, kwa kawaida hujiandika mwishoni kabisa, baada ya maagizo yote ya halali. Kisha hubadilisha ile nambari ya mwanzo ili iielekeze kompyuta kule mwishoni vilikojificha. Nambari ya zamani havitupi, huiweka kando.

Chukua mfano wa matatu inayotoka Bungoma kwenda Kitale kupitia Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Tuseme kuna mtu amemhonga dereva ili kila asubuhi, kabla ya kushika njia, apitie kwanza nyumbani kwake kuchukua mizigo ya magendo. Abiria wanapanda kama kawaida na wanafika Kitale kama kawaida. Pengine wamechelewa dakika chache, lakini nani atashuku? Matatu zetu tunazijua. Virusi navyo hutaka ufike Kitale. Vikimaliza kazi yao ya siri huirudisha kompyuta kwenye ile nambari ya zamani, na programu yako ya kuchapa barua au kupiga hesabu inafunguka bila tatizo. Virusi vinavyoiharibu programu papo hapo hugunduliwa mapema, na vikigunduliwa mapema haviendi mbali.

Lakini waandishi wa virusi si malaika, nao hukosea hesabu. Mwaka wa 1987 huko Jerusalem kuligunduliwa virusi vilivyopewa jina la mji huo. Viliundwa ili vifute kila programu itakayofunguliwa tarehe 13 ikiangukia Ijumaa. Kosa la mwandishi lilikuwa kwamba virusi hivyo havikutambua kuwa faili za aina fulani vimekwisha kuziambukiza. Kila mara vilijiandika upya, baiti 1,808 juu ya baiti 1,808, hadi programu ikanenepa kiasi cha kutoenea katika kumbukumbu ya kompyuta. Watu walijiuliza kwa nini programu zao zinavimba, na hivyo vikakamatwa. Tangu zamani virusi vingi huacha alama ndani ya faili vilizokwisha kuziingia ili visirudie, na alama kama hizo huwasaidia watengenezaji wa programu za kinga kujua pa kutazama.

Wengine walijifunza kujificha vizuri zaidi. Virusi vya CIH, vilivyoandikwa na Chen Ing-hau wa Taiwan na kuonekana mwaka wa 1998, havikujiandika mwishoni mwa faili. Vilijikata vipande na kujisokota katika nafasi tupu zilizobaki ndani ya programu, kama mtu anayeficha pesa katika mishono ya koti. Faili haikuongezeka ukubwa hata kidogo. Tarehe 26 Aprili 1999 vilizinduka na kuharibu data katika kompyuta nyingi, hasa barani Asia.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1986, ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitoa virusi vya Brain ambavyo havikugusa programu za kawaida kabisa. Vilikaa katika sehemu ya kwanza ya disketi, ile ambayo kompyuta huisoma inapowashwa. Na kuanzia 1995 vikaja vya kuingia katika hati za Microsoft Word kupitia makro, yaani maagizo madogo yanayoweza kuandikwa ndani ya hati. Ndiyo maana hati ya kawaida isiyo na makro ni vigumu kuugua, lakini ukiona Word inakuuliza kama iruhusu makro katika barua ya mtu usiyemjua, kataa.

Sasa tuje kwa trojani. Mjini Kitale ndiko yaliko makao makuu ya Kenya Seed, na wakulima wa Trans Nzoia wanajua vyema hila ya mbegu bandia. Mlaghai huchukua mahindi ya kawaida ya kusaga, akayapaka rangi ya dawa, akayatia katika pakiti inayofanana na ya kweli, kisha akayauza msimu wa upanzi unapopamba moto na foleni ni ndefu. Mkulima hakuvamiwa na mtu. Alitoa pesa zake mwenyewe, akaibeba pakiti mwenyewe, akapanda kwa mkono wake mwenyewe. Hasara aliiona miezi kadhaa baadaye, wakati wa mavuno.

Trojani ndiyo hiyo mbegu bandia. Jina linatokana na hadithi ya Wagiriki wa kale, walioshindwa kuuteka mji wa Troya kwa vita wakaacha nje ya lango farasi mkubwa wa mbao. Watu wa Troya walimkokota ndani kwa shangwe, wasijue kuwa tumboni mwake mna askari. Trojani haijipachiki katika programu ya mwingine wala haijinakili. Yenyewe ni programu nzima inayojidai kuwa kitu unachokitaka: mchezo, kichezeo cha video, programu ya kukopa pesa haraka, au nakala ya bure ya programu inayouzwa ghali. Hungojea wewe uifungue.

Mfano mashuhuri kuliko yote una uhusiano na nchi yetu, ingawa hausimuliwi sana hapa. Mnamo Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London hadi nchi nyingi duniani. Miongoni mwa waliozipokea walikuwamo watu waliohudhuria kongamano la kimataifa kuhusu UKIMWI. Disketi hiyo ilijitambulisha kama habari kuhusu UKIMWI. Ukiifungua, ilikuuliza maswali kuhusu maisha yako na kukukadiria hatari yako ya kuambukizwa. Kazi hiyo iliifanya kweli. Wakati huo ugonjwa wenyewe ulikuwa ukitisha kila nyumba, na ni nani asingependa kujua?

Kwa siri, hata hivyo, programu hiyo ilikuwa imeanza kuhesabu. Kompyuta ilipowashwa takriban mara ya 90, ilificha folda na kuvuruga majina ya faili zote, kisha ikatoa ilani kwamba mwenye kompyuta alipe dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa kwa kitendo hicho alikuwa Joseph Popp, Mmarekani mwenye shahada ya uzamifu ya Harvard, msomi wa viumbe aliyepata kuwachunguza nyani Afrika Mashariki na ambaye alikuwa mshauri wa Shirika la Afya Duniani nchini Kenya. Alikuwa akirudi kwao kutoka kwa semina ya shirika hilo jijini Nairobi alipowashtua maafisa katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, kwa mienendo yake ya ajabu. Alikamatwa Marekani mwaka wa 1990 na kupelekwa Uingereza, ambako mwaka wa 1991 mahakama iliamua kwamba hali ya akili yake haikumwezesha kushtakiwa.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo ningetaka kila mwenye saiba alijue. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, alipoichunguza disketi ile aligundua kwamba yaliyomo ndani ya faili hayakuguswa. Majina tu ndiyo yaliyovurugwa. Akaandika programu ya kuyarudisha na kuitoa bure. Lakini wengine hawakusubiri. Iliripotiwa kwamba shirika moja nchini Italia lililoshughulikia UKIMWI lilipoteza kazi ya miaka 10 kwa sababu watu wake walipatwa na hofu wakafuta kila kitu. Trojani haikuwafutia. Walijifutia.

Magazeti mengi ya wakati ule yaliiita disketi ya Popp virusi. Haikuwa virusi. Kama ungeichukua kompyuta iliyoathirika na kuhamisha programu zake zote hadi kompyuta nyingine, kompyuta ya pili isingeugua. Ili watu 20,000 waipate, ilibidi Popp anunue disketi 20,000 na stempu za kutosha.

Tofauti hii si ya kujibu mtihani tu. Programu iliyoambukizwa virusi ina sehemu halali na sehemu haramu, kama muhindi ulioshikwa na striga. Kwa hivyo programu ya kinga mara nyingi inaweza kuitibu, ikakata kile kipande cha mwishoni na kuirudisha ile nambari ya mwanzo ilivyokuwa. Trojani haina sehemu halali ya kuokoa. Hakuna mkulima anayepalilia mbegu bandia akitumaini zitageuka kuwa nzuri. Huifuta yote, kisha unabadilisha maneno yako ya siri yote, kwa maana hujui iliyaona mangapi.

Jamaa wa tatu ni mnyoo. Huyu hahitaji programu ya kujipachika wala hahitaji kukudanganya. Husafiri mwenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia mtandao akitumia nyufa zilizosahauliwa. Mwaka wa 2017, mwaka ule ule viwavijeshi vamizi vilipoanza kutafuna mahindi magharibi mwa Kenya, mnyoo wa WannaCry ulitokea tarehe 12 Mei na kufika katika nchi zipatazo 150 kwa siku chache, ukafunga faili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliwarudisha wagonjwa nyumbani. Ufa ulioutumia ulikuwa umekwisha kuzibwa na Microsoft mwezi Machi mwaka huo, lakini wengi hawakuwa wamesasisha kompyuta zao. Wenye saiba wanaozima usasishaji ili kuokoa bando la intaneti na waliangalie hilo.

Siku hizi, bila shaka, wahalifu huchanganya mbegu. Sality, iliyoonekana mara ya kwanza mwaka wa 2003, huambukiza programu kama virusi halisi lakini pia hujirusha katika flashi. Na ile flashi ya mwanafunzi wetu, yenye mishale? Kwa kawaida huo ni mnyoo wenye hila ya trojani. Unapoingia katika flashi, huzificha folda zako na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya njia hiyo ya mkato ukidhani ni folda yako, umeufungua mnyoo kwa mkono wako, nao unaingia katika kompyuta na kungojea flashi ya mteja anayefuata.

Basi, faili zimefichwa tu. Fanya hivi. Usibofye chochote ndani ya flashi. Kama simu yako ni ya Android na unao waya mfupi wa OTG, chomeka flashi kwenye simu. Minyoo iliyoandikiwa Windows haifanyi kazi humo, na mara nyingi utaziona folda zako halisi. Nakili hati na picha zako tu. Kama huna waya huo, tafuta kompyuta safi yenye programu ya kinga iliyosasishwa, iache iikague flashi kwanza, kisha fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd katika sehemu ya kutafutia. Ikiwa flashi imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na ungoje. Amri hiyo huondoa alama ya kufichwa, na folda zako zitajitokeza. Aina nyingine za minyoo huvirundika vitu vyako vyote ndani ya folda moja isiyo na jina. Ifungue hiyo pia. Hamisha kazi zako, lakini usihamishe faili yoyote ambayo jina lake linaishia na exe, vbs, scr au lnk. Hapo sasa, baada ya kuhakikisha hati zinafunguka, iambie saiba ifomati flashi.

Kwa wazazi, flashi si hofu kubwa kuliko zote. Katika kompyuta za saiba ndiko watoto wetu wanakoombea mkopo wa HELB na nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, na ndiko sisi tunakojaza kodi za KRA. Trojani inayorekodi kila herufi inayobonyezwa haionyeshi mshale wala ilani. Inanyamaza tu na kukusanya maneno ya siri. Mara nyingi iliingia siku mtu alipopakua nakala ya bure ya Windows au Office ili kukwepa kununua ya halali. Usimwachie mhudumu neno lako la siri limeandikwa katika daftari lake, hata kama ni kijana wa jirani, na ukifika nyumbani libadilishe kwa simu yako. Kama unachotaka ni kuchapisha hati tu, itume kwa baruapepe ya saiba kutoka simu yako badala ya kufungua baruapepe yako pale.

Kwenye simu yenyewe, kataa programu zinazosambazwa kwa WhatsApp zikiwa faili za apk, hasa zinazoahidi bando la bure au mkopo wa papo hapo. Pakiti ya mbegu halali huwa na kibandiko cha KEPHIS ambacho mkulima hukikwaruza na kutuma nambari yake ili ajue kama ni ya kweli. Programu halali nazo huwa na saini ya mtengenezaji wake, ambayo simu na Windows huikagua. Ile ilani inayotokea ikisema mtengenezaji hajulikani, na ambayo wengi wetu huibofya haraka ili ituondokee, ndiyo kibandiko chenyewe.

Kijana anayefikiria kujaribu kuandika mdudu wake ili aone utasafiri umbali gani, ajue kwamba Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inaruhusu mahakama kumtoza anayeingilia kompyuta ya mwingine bila idhini faini isiyozidi Sh10 milioni, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Cohen alipofanya jaribio lake aliomba ruhusa kwanza, na hata hivyo wasimamizi wa kompyuta ya chuo walipoyaona matokeo walimkataza kuendelea.